Jua, Betri na Dagaa: Kufundisha Kuteka na Kuhifadhi Nishati Kando ya Ziwa Tanganyika

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja ya kandokando ya ziwa, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la nishati. Somo lilikuwa limeandaliwa vizuri. Ubao ulipangwa, zana zilikuwepo mezani, na sauti ya mwalimu ilifika hadi dawati la mwisho. Alipofika mahali pa kueleza vyanzo vya umeme, aliinua betri ya pikipiki na kutamka kwamba betri ni chombo kinachotengeneza umeme. Wanafunzi wakaandika. Ndipo msichana mmoja, mtoto wa mvuvi, alipoinuka na kuuliza: "Mwalimu, kama betri inatengeneza umeme, mbona baba huipeleka kuchajiwa kila asubuhi akirudi ziwani?" Mwalimu alimshukuru kwa swali zuri, akaahidi kulijibu kipindi kijacho, kisha akafuta ubao.

Hatumlaumu mwanachuo huyo, maana aliyoyasema yameandikwa katika madaftari ya wengi wetu tangu tulipokuwa wanafunzi, na kwa betri kavu ya tochi, ambayo hununuliwa ikiwa imejaa na kutupwa ikiisha, yana ukweli fulani. Hata hivyo, swali la yule msichana liligusa kiini cha jambo kuliko somo zima. Alikwisha kujua, kwa kuona nyumbani, kwamba kinachotoka katika betri ni kile kilichotiwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna nishati ya jua inavyotekwa na namna inavyohifadhiwa, tukitumia mambo ambayo mtoto wa Ujiji, Kibirizi au Katonga huyaona kila siku. Na tunakusudia zaidi kuonyesha kwamba kuteka ni kazi moja na kuhifadhi ni kazi nyingine. Mwalimu akizichanganya, mwanafunzi atamaliza shule akidhani kwamba kila taa isiyotoa moshi inawashwa na jua.

Taa za ziwani

Yafaa kuanza na taa za wavuvi, kwani hakuna zana ya kufundishia iliyo kubwa kuliko hiyo katika mkoa wetu, nayo haigharimu chochote. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa katika usiku wa giza kwa kuwa huifuata nuru. Mtu akisimama juu ya vilima vya Kigoma usiku usio na mwezi, huona taa zimetapakaa majini kana kwamba kuna mji wa pili. Zamani wavuvi waliwasha kuni mtumbwini na kuwachota dagaa kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai za mafuta ya taa pamoja na nyavu kubwa za kuinuliwa kutoka katika mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Karabai iliangaza vizuri, lakini ilikula mafuta mengi, kioo chake kilipasuka kikipigwa na matone ya mvua, na utambi wake haukustahimili mawimbi.

Kisha, katika miaka michache tu, karabai zikaachwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa na watafiti wa nchi mbalimbali wakiwemo Watanzania, ulieleza jinsi wavuvi wa Ziwa Tanganyika walivyozihama karabai kwa haraka sana na kushika taa za LED zenye betri, nyingi zikiwa zimeundwa na wao wenyewe au mafundi wa mitaani. Walizipenda kwa sababu zilipunguza gharama na hazikuzimika ovyo hali ya hewa ilipochafuka. Samaki waliopatikana waliongezeka kidogo tu, na wengi wao, kwa taa mpya kama kwa karabai, walikuwa wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Mwanachuo asiseme darasani kwamba taa mpya imeliongezea ziwa dagaa.

Jambo lililotuvutia zaidi katika uchunguzi huo ni lingine. Betri nyingi hazikuwa zikichajiwa kwa paneli za jua. Zilipelekwa mjini na kuchajiwa kwa umeme wa kawaida. Na umeme wa mji wa Kigoma wakati huo ulitoka hasa katika majenereta ya dizeli ya TANESCO, kwa maana Gridi ya Taifa haikuwa imefika. Ilianza kuingia mkoani mwaka 2022 kwa upande wa Kibondo na Kasulu. Basi mvuvi aliyeacha mafuta ya taa alikuwa bado anavua kwa mafuta, ila mafuta yenyewe yaliunguzwa mahali pengine, mbali na mtumbwi wake, na dizeli hiyo ilikuwa imesafirishwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Taa ilikuwa safi, betri ilikuwa kimya, jua lilikuwa linawaka juu ya paa la fundi anayechaji, wala halikuwa na sehemu yoyote katika kazi hiyo.

Mwanafunzi akiuona ukweli huu, ameelewa nusu ya somo. Swali la kumfundisha aulize kila mara ni hili: nishati hii ilijazwa wapi, na kwa nini?

Dumu na chemchemi

Kwa darasa la watoto wanaoteka maji kabla ya kuja shuleni, mfano ulio bora ni dumu. Hakuna mtoto atakayesema kwamba dumu linatengeneza maji. Maji yako katika chemchemi au bombani. Mtu huyateka kwa kata au ndoo. Dumu huyatunza mpaka yatakapotakiwa. Jua ndilo chemchemi, paneli ndiyo kata, na betri ndiyo dumu. Mwenye dumu tupu na chemchemi mbali yuko katika shida, na mwenye chemchemi mlangoni lakini hana dumu atakosa maji usiku. Mji wowote unaotaka kuishi kwa jua unahitaji vyote viwili, na mara nyingi dumu ndilo ghali zaidi.

Mfano huu una mpaka wake, na mwalimu hana budi kuufahamu kabla wanafunzi hawajamfikisha hapo. Maji yanayoingia katika dumu ni yale yale yanayotoka. Katika betri sivyo. Umeme unapoingia katika betri ya risasi na tindikali, hubadilisha hali ya kikemia ya mabamba yaliyomo ndani; umeme unapotakiwa, mabadiliko hayo hurudi nyuma na umeme hutoka. Kwa hiyo hakuna umeme uliolala ndani ya betri kama maji yanavyolala ndani ya dumu. Kuna nishati ya kikemia. Tena kila mageuzi hula sehemu yake: hutoa kidogo kuliko kilichoingia, na tofauti hupotea kama joto. Ukimwambia mtoto wa Darasa la Tano kwamba dumu hili linavuja kidogo wakati wa kujaza na wakati wa kumimina, umemwambia ukweli unaomtosha.

Paneli nayo inahitaji maneno machache ya uangalifu. Wengi hudhani kwamba paneli hutumia joto la jua. La. Hutumia nuru. Nuru ikiangukia tabaka la silikoni husukuma chembe ndogo sana za umeme zilizomo ndani yake, nazo zikipewa njia ya waya hutiririka. Mtiririko huo ndio umeme. Joto kwa paneli ni adha: kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka, nguvu ya paneli ya kawaida hupungua kwa karibu sehemu 4 katika 1,000. Ndiyo sababu paneli iliyopigiliwa juu ya bati bila nafasi ya hewa hufanya kazi vibaya kuliko iliyoinuliwa kidogo ikapata upepo wa ziwani. Onyesho lake ni jepesi: unganisha paneli ndogo na taa au feni ndogo, kisha ifunike kwa kiganja. Joto la paneli halijabadilika, lakini taa imefifia papo hapo. Wanafunzi wenyewe watatamka sababu.

Kivuli cha saa saba

Hapa tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa sababu jambo lifuatalo limewaaibisha wanachuo wengi mbele ya madarasa yao. Vitabu vingi husema kwamba jua huwa juu kabisa saa sita mchana na kwamba kivuli huwa kifupi kuliko vyote wakati huo. Mwanachuo husimika kijiti uwanjani, huwaita watoto saa sita kamili, hupima kivuli, kisha mtoto mmoja mdadisi anarudi baada ya nusu saa na kusema kimezidi kuwa kifupi. Mwalimu hudhani kijiti kimeinama.

Kijiti hakikuinama. Saa tunayoitumia Tanzania nzima imewekwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hauigusi hata nchi yetu, kwani unapita mashariki yake baharini. Kigoma iko karibu na nyuzi 29 na nusu mashariki. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, basi jua huchelewa kufika juu ya Kigoma kwa muda wa saa moja hivi kuliko saa ya ukutani inavyodai. Kivuli kifupi cha Ujiji hupatikana kati ya saa 6:45 na saa 7:15 mchana, kulingana na majira ya mwaka. Mtu anayepanga kuanika kitu au kuchaji betri afahamu kwamba mchana wetu umesogea mbele, na kwamba jua la saa tisa alasiri lina nguvu ile ile ambayo jua la saa tano asubuhi linayo.

Kijiti hicho hicho kitafundisha namna ya kuweka paneli. Kigoma iko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, likiwa limeepuka utosi kwa nyuzi 28, na kivuli huelekea kusini. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini kwa nyuzi 18 hivi, na kivuli hugeuka kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita karibu kabisa na utosi, na kijiti hukosa kivuli kwa dakika chache, jambo ambalo watoto hulishangilia kama mazingaombwe. Kutokana na hayo mwanafunzi anaweza kukisia mwenyewe kwamba paneli ya Kigoma yafaa ilazwe karibu sawa, ikiinamishwa kidogo tu kuelekea kaskazini, na kwamba mwinamo huo mdogo unafaa pia kwa kuwa mvua huteremsha vumbi. Afadhali asikie sababu kuliko kukariri kipimo.

Hesabu ya mvuvi

Somo la nishati likiachwa bila hesabu huwa hadithi. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtumbwi wenye taa sita, kila moja ya wati 5, zinazowaka kwa saa nane. Sita mara 5 ni wati 30. Wati 30 kwa saa nane ni wati-saa 240, yaani takriban robo ya uniti moja ya LUKU. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 40 ina wati-saa 480, lakini betri ya risasi haipaswi kukamuliwa kupita nusu, la sivyo huharibika mapema. Nusu yake ni 240. Inatosha barabara.

Sasa iulizwe: je, paneli ya wati 50 itaijaza? Tukihesabu mwangaza wa siku nzima kuwa sawa na saa tano za jua kali, paneli hiyo itatoa wati-saa 250. Mwanafunzi mwepesi atashangilia kwamba imetosha na baki ya 10. Mkumbushe dumu linalovuja. Tukiondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya upotevu, zinabaki 200, na taa zitazimika kabla ya alfajiri. Inatakiwa paneli ya wati 60 kwa siku nzuri, na kubwa zaidi kwa miezi ya mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, ambapo mawingu hukaa juu ya ziwa siku kadhaa mfululizo. Hapo darasa litaona kwa nini mvuvi mwenye akili timamu alipeleka betri yake mjini. Umeme wa dizeli haukujali mawingu. Tusiwafundishe watoto kumcheka.

Jua la mchangani

Ziko njia nyingine za kuteka jua zisizohitaji waya hata mmoja, na kwa bahati mbaya vitabu huzipita upesi kwa kuwa hazina sura ya kisasa. Mitumbwi ikirudi asubuhi, dagaa huanikwa mchangani au juu ya chanja. Wanawake wanaowageuza dagaa hao wanafanya kazi ya nishati ya jua iliyo kubwa kuliko paneli zote tulizozitaja. Hesabu yake ni hii. Kilo 100 za dagaa wabichi zikikauka hubaki kilo 30 hivi. Maji yaliyotoka ni kilo 70. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka karibu thuluthi mbili za uniti ya umeme. Kwa kilo 70 ni uniti 47 hivi. Taa zilizowavua zilitumia robo ya uniti. Jua na upepo wa mchana mmoja vimefanya kazi karibu mara mia mbili ya ile iliyofanywa na betri usiku kucha, na hakuna aliyelipa.

Tena tazama kinachotokea baada ya hapo. Dagaa mkavu huwekwa katika gunia, hupakiwa katika gari la moshi, hufika Tabora, Dodoma na Dar es Salaam akiwa hajaoza. Kile ambacho barafu na majokofu vingefanya kwa umeme wa siku nyingi kimekwisha kufanywa mara moja na jua. Dagaa mkavu si betri, kwa kuwa hatumrudishi kuwa umeme, lakini kazi ya jua imehifadhiwa ndani yake kwa namna ambayo kila mama sokoni huielewa. Chanja ni bora kuliko mchanga, kwani hewa hupita chini na juu, dagaa hukauka upesi na hawachanganyiki na kokoto. Mvua ikinyesha ghafla, chanja pia hufunikwa kwa urahisi, ilhali dagaa wa mchangani huokotwa wakiwa wamelowa na mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku. Hasara hiyo ya masika ni mahali pazuri pa kuuliza darasa: tumekosa kuteka, au tumekosa kuhifadhi?

Kwa onyesho la darasani tunapendekeza makopo matatu ya ukubwa mmoja. Moja lipakwe rangi nyeupe, mawili yapakwe masizi ya sufuria mpaka yawe meusi. Yatiwe maji kwa kipimo kimoja, yafunikwe, yawekwe juani tangu saa nne hadi saa nane mchana. Shule yenye kipimajoto itumie kipimajoto. Isiyo nacho itumie mkono. Maji ya makopo meusi yatakuwa na joto kuliko ya kopo jeupe: hapo tumefundisha kuteka. Kisha kopo moja jeusi liachwe kivulini, na jingine lizikwe ndani ya kapu lililojaa maranda ya mbao, ambayo hayakosekani kwa mafundi wa mitumbwi. Saa kumi yafunguliwe yote mawili. Yaliteka sawasawa, lakini moja tu limehifadhi. Katika mazoezi yetu onyesho hili limefanikiwa hata kwa wanachuo wenye woga, na limewagharimu masizi tu.

Ghala la ziwa na ghala la mji

Wanafunzi wakubwa waweza kupelekwa hatua moja mbele, hadi kwenye ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale palipo pa mwisho, na ni la pili kwa kina duniani. Jua huyapasha maji ya juu hadi kufikia kati ya nyuzi 24 na 28, ilhali yale ya chini kabisa hukaa karibu na nyuzi 23. Tofauti yaonekana ndogo, lakini yatosha kuyafanya maji ya juu yaelee juu ya yale ya chini kama mafuta, na kuyazuia yasichanganyike. Chakula cha vijimea ambavyo hatimaye ndivyo vinavyomlisha dagaa kimezama chini. Hupanda juu hasa upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi unapoyavuruga maji. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa limekuwa likiongezeka joto, mchanganyiko umepungua, na rutuba ya maji ya juu imepungua pamoja nao. Ghala hili la joto, basi, linajaa kupita kiasi. Sababu yake ni hewa ya dunia iliyopashwa na moshi wa makaa ya mawe, petroli na dizeli, na hapa mwanafunzi anaweza kulirudia jenereta la mjini akiwa na swali jipya.

Mafuta hayo nayo ni jua lililohifadhiwa, la mamilioni ya miaka iliyopita. Kuni ni jua la miaka michache. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa tena Kigoma, ilikwenda kwa mvuke wa tanuri lake hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970: ilibadilisha ghala, haikubadilisha chemchemi. Tofauti ni kwamba ghala la kuni hujazwa tena na mti uliopandwa, na la dizeli halijazwi tena.

Mji una tabia ambayo mtumbwi hauna: watu wake huwasha kila kitu kwa wakati mmoja. Jioni, jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, taa, televisheni na pasi huwaka pamoja, na paneli zote zimelala. Mtu mmoja aweza kununua betri. Mji mzima ukitaka kununua betri za kutosha utatumia fedha nyingi mno, japokuwa bei zake zimeshuka sana katika miaka ya karibuni. Kuna dumu jingine ambalo taifa letu linalo, nalo ni bwawa. Mkataba wa ujenzi wa megawati 50 za kwanza za umeme wa jua huko Kishapu, Shinyanga, ulitiwa saini mwaka 2023. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115. Umeme wa jua ukipatikana mchana, mitambo ya bwawa inaweza kupunguzwa, na maji ambayo hayakupita mchana hubaki kuwa akiba ya usiku. Hakuna umeme uliotiwa bwawani, na bado jua limehifadhiwa. Popote gridi ilipofika mkoani mwetu, betri ya mvuvi yaweza sasa kujazwa na maji ya Rufiji. Swali la yule msichana lina jibu refu kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Lichorwe ubaoni. Upande mmoja ziandikwe kazi za mji wa Kigoma-Ujiji: kukausha dagaa, kupasha maji ya kuoga, kuwasha taa za zahanati usiku, kusukuma maji, kuchaji simu. Upande wa pili wanafunzi waandike ghala linalofaa kila kazi. Maji ya kuoga hayahitaji betri. Tangi jeusi lililofunikwa vizuri latosha. Pampu haihitaji betri ikiwa kuna tangi kubwa juu ya kilima, kwa kuwa maji yaliyopandishwa mchana yatashuka yenyewe jioni. Taa ya zahanati inahitaji betri, na tena betri nzuri, maana mzazi hawezi kusubiri asubuhi. Tumeona madarasa yakibishana vikali juu ya zoezi hili, na mwalimu akiwa na subira asitoe jibu mapema.

Limebaki jambo la matunzo. Wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi, na mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa muda kama huo hufa, kwani mabamba yake hufunikwa na utando mgumu usiotoka kwa kuchaji. Ichajiwe kabla ya kuwekwa, na ichajiwe tena kila mwezi. Darasani itumike betri iliyozibwa, wala wanafunzi wasiruhusiwe kufungua vifuniko, kwa sababu maji ya betri ni tindikali inayounguza ngozi na macho. Isichajiwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na moto, kwa kuwa hutoa gesi inayolipuka. Na betri iliyokufa isipasuliwe uani ili kupata risasi ya kuyeyushia vizito vya nyavu. Vumbi na moshi wa risasi hudhuru ubongo wa mtoto pasipo kuonekana, hata kama kazi imefanywa na mtu mzima na mtoto alikuwa akicheza kando tu.

Mwanachuo wetu alirudi darasani siku ya pili akiwa na dumu moja, betri ile ile, na paneli aliyoiazima kwa jirani mwenye duka. Hakuanza kwa kusema. Alimwita yule msichana mbele, akamwomba aeleze, hatua kwa hatua, baba yake anaipeleka betri kwa nani, fundi anaiunganisha na nini, na waya wa fundi unatoka wapi. Msichana alieleza mpaka kwenye nguzo ya umeme iliyo nje ya kibanda. Baada ya nguzo hakujua. Kipindi kilichobaki chote kilikwenda katika kuifuata nguzo hiyo.